Mtihani wa Kwenye Ngazi

Kila mtu ananiambia nipoe. Mkuu wa idara aliniambia nipoe. Dada yangu, ambaye huniombea kila Jumapili kanisani kwao, aliniambia nipoe. Hata mwanafunzi mwenyewe, aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko sisi sote, alinishika mkono akaniambia nipoe. Sijapoa. Naandika haya nikiwa na hasira na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu nimeona kwamba chuoni kwetu mtu akishapoa ndipo jambo lake linapofungwa kwenye faili na kusahauliwa.

Mimi ni mhadhiri. Nafundisha mbinu za utafiti, somo ambalo wanafunzi wa mwaka wa mwisho hulichukia kabla hawajaliona. Naishi Kariobangi, ghorofa ya tatu, katika ploti yenye karakana ya vyuma chini na kamba za nguo juu ya paa. Nilizaliwa mtaa wa Ziwani, baba yangu akiwa mfanyakazi wa halmashauri ya jiji, na nilipopata kazi ya chuo kikuu watu walitarajia nihame upande huu wa Eastlands. Wenzangu kazini bado wanatarajia. Hakosi mmoja wa kuniuliza, huku akikoroga chai, "Daktari, bado uko kule?" kwa sauti ile mtu anayoulizia ugonjwa usiopona. Ndiyo, bado niko. Nyumba inanitosha, soko liko karibu, na majirani wananijua.

Lazima nieleze jinsi intaneti inavyofika kwetu, kwa sababu kamati nzima ya watu waliosoma ilishindwa kuelewa jambo hili. Katika mtaa wetu si kila mtu ana laini yake. Kuna jamaa anayechukua laini moja kubwa, anaivuta juu ya paa, halafu anaigawa kwa waya kutoka ploti hadi ploti, kuvuka barabara, juu ya vibanda vya mafundi, mpaka kila mteja apate kipande chake. Katika ploti yetu kisanduku cha waifai kimepigiliwa ukutani kwenye ngazi, hatua chache kutoka mlango wangu, na sote tunaungana hapo. Kwa mtu anayetutazama kutoka nje, kutoka kwenye mitambo ya chuo kwa mfano, ploti yetu na ploti za ng'ambo ya barabara zote zina anwani moja ya mtandao. Hakuna uchawi wowote hapo. Ni kama nyumba nyingi zinazochota maji kwenye bomba moja.

Chuo kilipoamua kwamba sehemu kubwa ya masomo ihamie mtandaoni, wahadhiri tulipelekwa kwenye hoteli moja kufundishwa mfumo. Sitaki kusema uongo: niliupenda. Nilifundishwa kuweka sauti yangu ili mwanafunzi aliyekosa kipindi aisikilize baadaye. Nilifundishwa kufungua ukumbi wa majadiliano, na huko wanafunzi ambao hawajawahi kuinua mkono darasani walianza kuandika aya nzima nzima, wakipingana nami bila woga. Kuna wiki nilizokuwa nikifungua ukumbi ule asubuhi kabla hata sijaweka chai jikoni, nione nani kasema nini. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba mimi ni mama wa zamani anayeogopa kompyuta, maana hilo pia limesemwa.

Chombo cha mwisho tulichoonyeshwa kiliitwa ripoti ya uadilifu. Wanafunzi wakimaliza mtihani, unabonyeza, na mfumo unakupangia majina kwa rangi. Kijani ni salama. Manjano ni wa kuangaliwa. Nyekundu ni wale waliofanya mtihani kutoka anwani moja ya mtandao, maana yake, tuliambiwa, walikaa pamoja wakapeana majibu. Niliinua mkono nikauliza itakuwaje kwa watu wanaotumia laini moja mtaa mzima. Mkufunzi, kijana mtanashati mwenye shati la mikono mirefu, alitabasamu akasema, "Madam, mfumo haudanganyi." Watu wakacheka, sambusa zikaletwa, na swali langu likaishia hapo.

Sasa nimlete mwanafunzi mwenyewe. Ni mama wa watoto wawili aliyekuwa akiishi ghorofa moja juu yangu. Mumewe ni mlinzi, hufanya kazi usiku na kulala mchana. Yeye hufundisha katika shule ndogo ya mtaani, moja ya zile zilizobanwa kati ya kanisa na ghala, na alikuwa amefundisha hapo kwa miaka bila cheti, huku akisoma shahada ya ualimu polepole, kozi moja baada ya nyingine. Alipopangiwa somo langu tulicheka sana pale ngazini. "Mwalimu, sasa nikikosa darasa utakuja kunigongea mlango," aliniambia. Nilimwambia nitakuja na fimbo. Baada ya hapo tulikuwa na utaratibu wetu bila kuuandika popote: nyumbani tulizungumza habari za maji na bei ya mboga, na mambo ya somo tuliyaacha kwenye mfumo, mbele ya wenzake wote. Aliwahi kunikuta sokoni akiwa na swali, akalimeza, akaenda kuliandika kwenye ukumbi wa majadiliano jioni ile. Ndivyo alivyokuwa makini.

Mwaka huo alikuwa na jambo moja kubwa. Mwenye shule alikuwa amemwambia kwamba wakaguzi wanakuja, na kufikia Januari hatamweka mwalimu yeyote asiye na shahada. Kama angehitimu katika mahafali ya mwisho wa mwaka, kazi ilikuwa yake. Kama asingehitimu, nafasi ingepewa mwingine. Zilibaki kozi chache tu, na yangu ndiyo aliyoipenda. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliowafundisha kwa miaka mingi, na nasema hivyo nikiwa mtu mgumu wa kusifu.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa mtandaoni, Jumamosi asubuhi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuufanya alipo, ndani ya muda uliowekwa, na mfumo wenyewe ungefunga muda ukiisha. Nilifungua mtihani kwenye kompyuta yangu, nikahakikisha kila kitu kinaenda sawa, kisha nikafungua mlango kumwaga maji. Nikamkuta ameketi kwenye ngazi, kompyuta juu ya magoti, mgongo umejipinda. Chumbani kwake mumewe alikuwa amelala, watoto walikuwa wamewekewa katuni, na waifai huko juu ilikuwa ikikatika. Chini ya kisanduku ndipo iliposhika vizuri.

Sakafu ya ngazi zetu ni saruji, na Julai Nairobi ni baridi. Nilirudi ndani nikachukua kiti kifupi cha plastiki nikamsogezea. Hakuniangalia. Aliinuka kidogo, akakikalia, akaendelea kuandika. Baadaye kidogo nilimwekea kikombe cha chai kando ya mguu, nikarudi ndani nikafunga mlango. Hatukusemezana hata neno moja. Ningefanya hivyo kwa mtu yeyote aliyeketi mbele ya mlango wangu kwenye saruji baridi, awe mwanafunzi, awe muuza maziwa.

Jumamosi ni siku ya kufua. Wamama walikuwa wanapanda na makarai ya nguo kwenda juu ya paa, na wengine wanateremka kuchota maji. Nilisikia keateka, yaani mtunza ploti, mzee mkali anayetupigia kelele sote, akiwazuia kule chini. "Pitieni pole pole, wasee. Kuna mtu anafanya exam hapo juu." Mmoja akamjibu, "Ya nini?" Akasema, "Ya digrii, si unajua. Tulia." Basi ngazi ikanyamaza. Watu wakapita wakiwa wameinua makarai yao juu, maji yasimdondokee, viatu mkononi. Hata mafundi wa chini walizima mashine yao ya kusaga chuma kwa muda, jambo ambalo sijawahi kuwaomba na wasingenisikiliza kama ningeomba. Nilisimama nyuma ya mlango wangu nikiwasikiliza, na nakumbuka nilijivunia mtaa wetu. Nilidhani nimeona kitu kizuri.

Jumatatu nilibonyeza ripoti ya uadilifu, kama tulivyoagizwa. Jina lake lilikuwa jekundu. Chini yake palikuwa na jina la kijana mmoja nisiyemjua kwa sura, na nilipoangalia nikaona kwamba naye anaishi ng'ambo ya barabara yetu, katika zile ploti tunazogawana waya. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, mfumo ulikuwa umeorodhesha akaunti nyingine iliyotumia anwani ileile siku ile. Ilikuwa akaunti yangu.

Nilicheka peke yangu ofisini. Niliona jinsi chombo kilivyochanganyikiwa, na nikadhani ushahidi wa kosa lake uko palepale, kwamba kimenihesabu hata mimi. Tena majibu yenyewe yalikuwa mbali kama mbingu na ardhi: yeye alikuwa amepata themanini na mbili, kijana wa ng'ambo alikuwa ameanguka vibaya. Niliandika maelezo mafupi, nikayapeleka kwa mkuu wa idara kwa mkono wangu, nikamweleza habari ya laini moja na waya mtaani. Alinisikiliza akitikisa kichwa. Kisha akasema, "Daktari, nakuelewa kabisa. Lakini mfumo ukishatoa nyekundu, jina linaenda lenyewe kwenye kamati ya nidhamu. Mimi hapa siwezi kulirudisha. Wewe njoo tu kama shahidi, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi."

Nikaenda. Mungu anisamehe, nilienda nimevaa vizuri.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na chupa za maji. Mwenyekiti alikuwa profesa wa kitivo kingine, mtu mpole wa sauti ya chini, na kando yake palikuwa na mtaalamu wa mitambo aliyeleta ripoti yangu ikiwa imechapishwa kwa rangi. Mwanafunzi aliketi mwisho wa meza. Alikuwa ameomba ruhusa shuleni kwake na alikuwa bado na vumbi la chaki kwenye mkono wa sweta. Kijana wa ng'ambo hakuja. Walisema walimwandikia barua pepe.

Nilianza kueleza. Nilieleza habari ya waya, kisanduku na bomba la maji. Mtaalamu wa mitambo alikubali kwamba jambo hilo linawezekana kitaalamu. "Linawezekana," alisema mwenyekiti, "lakini hatuwezi kulithibitisha." Niliwaambia ni rahisi kulithibitisha, waje Kariobangi waone kisanduku kwa macho yao, ni safari fupi. Watu walitazamana. Mmoja wao, mama mwenye miwani, alitabasamu kidogo kana kwamba nimewaalika mwezini. Nikawauliza, kama walinakiliana, imekuwaje mmoja amefaulu vile na mwingine ameanguka. Mwenyekiti akafikiri kidogo, halafu akasema bila kutania, "Huenda alinakili vibaya."

Hapo damu ilianza kuchemka. Nafundisha mbinu za utafiti. Wiki baada ya wiki nawaambia vijana wa miaka ishirini kwamba vitu viwili kuonekana mahali pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimesababisha kingine, na vijana wanaelewa. Sasa nilikuwa mbele ya watu wenye vyeo nikiwaeleza lilelile, nao wakinitazama kwa huruma. Ndipo nikasema jambo ambalo nilidhani lingemaliza kesi. Nikasema: mimi nilimwona. Alikuwa mbele ya mlango wangu muda wote. Alikuwa peke yake. Hakuna aliyemkaribia wala kusema naye.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Ulikuwa naye wakati wa mtihani, Daktari?"

"Sikuwa naye. Alikuwa kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu."

"Lakini ulitoka."

"Nilitoka nikampa kiti."

"Ulimpa kiti."

"Na chai. Palikuwa na baridi."

Mama mwenye miwani aliandika. Nilisikia kalamu yake. Mwenyekiti akauliza, kwa upole uleule, kama nina desturi ya kuwapa wanafunzi wote chai wakati wa mtihani. Nikamjibu kwamba wanafunzi wengine hawakuwa wamekaa mlangoni kwangu. Akauliza kama nilimwarifu mkuu wa idara kwamba naishi jengo moja na mtahiniwa wangu. Nikamjibu kwamba naishi jengo moja na nusu ya mtaa, na kama chuo kinataka wahadhiri wasiokutana na wanafunzi kwenye ngazi, basi kiajiri matajiri wa Karen peke yao. Mkuu wa idara, aliyekuwa ameketi kando yangu, alinigusa mkono. "Daktari, poa," akanong'ona.

Muhtasari wa kikao ulinifikia siku chache baadaye. Sitausahau. Kariobangi haikutajwa, wala waya, wala alama za kijana wa ng'ambo. Kulikuwa na sentensi moja tu kuhusu mimi: kwamba mhadhiri wa kozi alikiri kuwapo mahali alipokuwa mtahiniwa na kumpa msaada wakati mtihani ukiendelea. Msaada. Nilisoma neno hilo nikiwa nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Kiti cha plastiki na chai ya maziwa vilikuwa vimegeuzwa kuwa msaada, na ngazi nzima ya watu waliobeba viatu mkononi ilikuwa imeitwa mazingira yasiyodhibitiwa.

Kesi ikaahirishwa ili tuhuma zinazomhusu mhadhiri zichunguzwe kwanza. Nilimuuliza mkuu wa idara uchunguzi utachukua muda gani. Akasema mambo haya hayaharakishwi, huenda mpaka muhula mwingine. Nikamuuliza habari ya mahafali. Akainua mabega. Nikamwambia kwamba mwanamke huyu atapoteza kazi kwa sababu ya kiti, na kwamba kama wanamtaka mtu wa kuadhibu waniadhibu mimi, wamwache ahitimu. Nilikuwa nimepaza sauti mpaka katibu wake akaja kuchungulia mlangoni. "Daktari," mkuu wa idara alisema, "hakuna anayekushambulia. Ni utaratibu tu."

Kwa wiki kadhaa sikumwona jirani yangu. Nilijua ananikwepa. Kwenye ngazi nilisikia hatua zake zikiharakisha zikipita mlango wangu, na nilimwelewa, maana tulikuwa tumeambiwa tusiwasiliane mpaka uchunguzi uishe. Hebu fikiria, watu wa ghorofa moja juu ya nyingine, wanaochota maji kwenye tangi moja, wasisalimiane.

Kisha Jumapili moja mchana nikapanda juu ya paa kuanua nguo nikamkuta. Nilitaka kurudi, akaniita. Alikuwa akikunja mashuka ya watoto, na alizungumza bila kuacha kukunja.

"Mwalimu, nimesaini."

Nikamuuliza amesaini nini.

"Kwamba nilikopi. Walinipigia simu nikaenda. Wakasema nikikubali kosa, nitapewa mtihani wa marudio mwezi huu huu, na nitahitimu na wenzangu. Na hiyo maneno yako itaisha pia. Hawatakufuatilia tena."

"Ulikopi kwa nani?"

"Kwa yule kijana."

"Yule aliyeanguka? Unamjua hata jina?"

"Walinionyesha jina, nikaliandika."

Nilimkasirikia. Nasema ukweli, nilimkasirikia yeye kwa namna ambayo sikuwakasirikia wale wa mezani. Nilimwambia ameniuza na amejiuza. Nilimwambia tulikuwa na haki, kwamba nilikuwa tayari kwenda mpaka kwa makamu wa chansela, hata mahakamani, na sasa ameandika kwa mkono wake kwamba ni mwizi na mimi ni mwenzake. Nilisema mengi. Nguo zangu zilikuwa begani, bado zina unyevu.

Aliniacha nimalize. Halafu akashusha sauti kidogo, kama mtu anayesema na mtoto wa darasa lake. "Mwalimu, haki yako itafika mwaka gani? Mimi nataka Desemba. Na wewe bado uko na kazi. Mimi singeweza kukaa hapo juu nikijua umefutwa sababu ya kunipea kiti." Ndipo akanishika mkono. "Poa, tafadhali. Ni paper moja tu. Naijua hiyo kozi."

Niliteremka na nguo zangu mbichi nikazianika tena ndani, kwenye viti.

Mtihani wa marudio aliufanya chuoni, katika ukumbi mkubwa, chini ya wasimamizi wawili, kwa karatasi na kalamu. Maswali yalikuwa mapya. Nilikuwa nimeyatunga mimi, yakapitiwa na wengine ili ionekane sikumpendelea, na kwa kuogopa hilo nilikuwa nimeyatunga magumu kupita kiasi. Niliposahihisha karatasi yake nilifunika jina, kisha nikampa mwenzangu wa idara nyingine asahihishe naye kwa siri. Mimi nilimpa themanini na mbili. Mwenzangu akampa themanini na nne.

Nilichukua karatasi ile nikaenda nayo kwa mkuu wa idara karibu nikikimbia. Nilidhani sasa nimempata. Nilimwekea mezani. "Hapa hakuna waifai," nilimwambia. "Hakuna ngazi, hakuna chai. Kuna wasimamizi wenu wawili. Amepata alama zilezile. Sasa niambie, alimnakili nani humu?"

Aliisoma karatasi kwa makini, lazima nimpe haki yake. Alisoma jibu moja mpaka mwisho akafunua ukurasa. Kisha akavua miwani na uso wake ulikuwa umefurahi kwelikweli.

"Umeona, Daktari?" alisema. "Ndiyo maana tuna taratibu. Adhabu imemfanya asome."

Nilitoka bila kuaga. Nilikaa kwenye benchi la nje ya jengo. Nilifikiri kuacha kazi. Nilifikiri kurudi ndani nikasema maneno ambayo dada yangu asingependa kuyasikia. Nikafikiri pia kwamba kama nisipoingiza alama zake kabla ya mfumo kufungwa, jina lake halitaingia kwenye orodha ya wahitimu, na yote aliyoyasaini yatakuwa bure. Basi nikaenda nyumbani.

Niliketi mezani nikafungua mfumo, nikatafuta jina lake, nikaandika themanini na mbili. Kisanduku cha alama kikawa chekundu. Palitokea maelezo kwamba mtihani wa marudio kwa kosa la nidhamu hauwezi kupewa zaidi ya alama ya kupita, yaani arobaini. Niliandika themanini na mbili tena, kwa ukaidi tu. Kikawa chekundu tena. Niliandika sabini. Niliandika hamsini. Nilikuwa nimeanza kubishana na mashine nyumbani kwangu, mtu mzima, nikigonga vitufe mpaka meza inatikisika. Mwisho nikaandika arobaini. Kisanduku kikawa kijani, alama ikahifadhiwa, na ukurasa ukafunguka ukinijulisha kwamba matokeo yametumwa kwa mwanafunzi pamoja na ujumbe kutoka kwangu.

Sikuwa nimeandika ujumbe wowote. Niliubonyeza nikausoma. Mfumo ulikuwa umemwandikia, juu ya jina langu na cheo changu na ile picha yangu ninayotabasamu: "Hongera kwa kupita. Natumaini umejifunza umuhimu wa uaminifu katika masomo. Mhadhiri wako."

Nilitafuta mahali pa kuufuta. Hapakuwa na mahali. Nikasikia kiti kikiburutwa ghorofa ya juu, halafu watoto wake wakipiga kelele za furaha, na yeye akiwanyamazisha huku akicheka. Nilikuwa nimeshasimama niende kumgongea, nimwambie kwamba si mimi niliyeandika vile, wakati jibu lake lilipoingia kwenye kompyuta.

"Asante sana mwalimu. Nimejifunza. Nisamehe."